Kiingilio cha Gombe: Safari ya mara moja au bati za jikoni?

KASULU. Kikoba kilipovunjwa Juni mwaka jana, mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Kasulu na mkewe, ambaye ni muuza maharage sokoni, walikaa jioni tatu wakijadili mgao wao. Mama alikuwa na hesabu yake tayari: bati za kuezeka jiko la nje, ambalo masika yote lilivuja mpaka kuni zikagoma kuwaka. Binti yao mkubwa, aliyekuwa akisubiri kuripoti kidato cha tano mwezi Julai, alikuwa na ombi moja kabla hajaondoka nyumbani. Alitaka kwenda Gombe kuwaona sokwe.

"Baba, Wazungu wanapanda ndege mbili, tatu, kuja hapa kwetu Kigoma," alisema. "Sisi tunakwenda Kigoma kila mwaka, huko hatujawahi kufika."

"Hao Wazungu jiko lao halivuji," mama alijibu.

Mwalimu alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Mazungumzo kama hayo si mageni katika nyumba za Kasulu na Kibondo. Mtoto anasoma habari za Gombe darasani, anaona picha kwenye simu, anauliza kwa nini asipelekwe. Mzazi anafikiria nauli, boti, kiingilio, chakula na malazi, halafu anasema "mwaka kesho". Mwaka kesho unafika na bati, ada au mgonjwa wake. Wengi wamezeeka nyanda za juu za Kigoma bila kuona kitu ambacho dunia inakijua mkoa wao kwa ajili yake. Swali ni kama wamekosa kitu, au wameokoa fedha zao.

Matajiri nao hubishana

Swali hili hata wenye fedha nyingi wanalo, ila wao hubishania viwanja vya gofu. Gofu ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo maalumu mpaka uingie shimoni, na raundi kamili ina mashimo 18. Kiwanja cha Pebble Beach, kando ya bahari huko California, Marekani, hutoza zaidi ya dola 600 kwa mtu mmoja kwa raundi moja. Kiwanja cha Old Course mjini St Andrews, Uskoti, ambako gofu imechezwa kwa karne nyingi, hutoza mgeni zaidi ya pauni 300 wakati wa msimu, na bado wengi hupata nafasi kwa kura.

Mpira ni ule ule, na mashimo ni 18 kama ya kiwanja cha jirani kinachotoza fedha kidogo. Ndiyo maana wapo wanaorudi wakisema wamelipia jina. Wapo pia wanaorudi na kumbukumbu ya kuwasimulia wajukuu. Mara nyingi tofauti yao iko kwa mchezaji mwenyewe. Anayeujua mchezo na historia ya mahali pale huona kitu katika kila kilima. Asiyejua huona nyasi.

St Andrews ina funzo jingine. Ardhi ile ni ya umma. Wakazi wa mji hupata tiketi ya mwaka mzima kwa nafuu kubwa, na Jumapili, siku ambayo kwa kawaida mchezo hausimamishwi bali haupangwi kabisa, wenyeji hutembea juu ya nyasi zile na watoto na mbwa wao. Mgeni analipa sana, mwenyeji analipa kidogo, ilimradi mwenyeji ajue kwamba mahali pale ni pake.

Nani analipa nini

Gombe iko hivyo hivyo, na hapo ndipo familia nyingi hukosea hesabu kabla hata hazijaanza.

Hifadhi ya Taifa ya Gombe ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za taifa nchini. Ni ukanda mwembamba wa milima na mabonde kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Udogo huo haukuzuia kiingilio chake kwa wageni kuwa miongoni mwa vya juu kabisa nchini: mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki amekuwa akitozwa dola 100, kabla ya kodi, kwa saa 24. Bei hiyo ndiyo inayozunguka vijiweni, na ndiyo inayomfanya baba wa Kibondo aseme Gombe ni ya Wazungu.

Lakini hiyo si bei yake. Raia wa Tanzania, na raia wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hulipa kwa shilingi, na kiasi chake ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa chini zaidi, na aliye chini ya miaka 5 halipi. Kwa familia za mpakani zenye shemeji na wajomba Burundi, maana yake ni kwamba ndugu wa ng'ambo anaingia kwa bei ile ile ya mwenyeji, ilimradi aje na kitambulisho. Asiye na kitambulisho asishangae akihesabiwa mgeni.

Jioni ya kwanza, mwalimu na mkewe walipima kila gharama kwa bati. Mama ndiye aliyeanzisha kipimo hicho, na kiliwafaa kuliko shilingi. Viingilio vyao, walipovijumlisha, havikuwa jambo la kutisha. Bati chache tu.

"Kumbe geti si tatizo," mwalimu alisema.

"Subiri boti," mama akamwambia.

Gharama isiyoandikwa getini

Hakuna barabara inayoingia Gombe. Kutoka Kasulu hadi mjini Kigoma ni safari ya basi ya kama kilomita 90, na lami ya Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, imeifanya kuwa jambo la asubuhi moja. Kwa wa Kibondo umbali unazidi kilomita 200, hivyo siku nzima huishia njiani. Baada ya hapo ni ziwa.

Njia za majini ni mbili. Ya kwanza ni boti ya kukodi. Ni ya haraka na inamngoja abiria, lakini bei yake ni ya boti nzima. Wakiwa wawili au wakiwa kumi, fedha ni ile ile. Kwa hesabu ya mama, boti hiyo peke yake ingekula bati zaidi ya kumi, yaani jiko lote.

Njia ya pili ni boti za abiria zinazoanzia Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, kupeleka watu, mafuta, unga na magodoro katika vijiji vya pwani ya kaskazini. Nauli yake ni ya kawaida. Tatizo ni muda. Huondoka mchana na kufika Kasekela, makao ya hifadhi, alasiri, baada ya saa kadhaa za kusimama kila kijiji. Zinazorudi mjini hupita asubuhi. Kwa hiyo anayetaka siku moja kamili msituni hulala usiku mbili, na kila usiku una bei yake. Wakati huo huo saa 24 za kiingilio zinahesabiwa. Anayeokoa fedha kwenye boti anaweza kuzilipa kitandani, na ni lazima aandike hesabu zote mbili karatasini kabla ya kuchagua.

Kuna pia muongozaji, ambaye ni wa lazima, na chakula cha kubeba kutoka mjini. Malipo ya hifadhi za taifa hayapokelewi kwa fedha taslimu mkononi; mgeni hupewa namba ya malipo ya serikali na kulipa kwa benki au simu. Familia inayofika na noti kwenye leso itahangaika bure.

Na kuna ziwa lenyewe. Watu wa nyanda za juu si watu wa maji. Tanganyika huchafuka ghafla, na boti za abiria hujaa. Jaketi okozi si pambo. Mzazi anaulizia jaketi kabla ya kulipa nauli, si mawimbi yanapoanza.

Kinachonunuliwa hasa

Kwa fedha hizo zote, mtu ananunua nini? Kwa kusema wazi, ananunua nafasi ya kuwatafuta sokwe, na akiwapata, saa moja ya kuwatazama.

Saa hiyo ina masharti. Wageni huingia kwa vikundi vidogo. Hakuna kuwasogelea sokwe chini ya mita 10. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi, kwa sababu magonjwa ya binadamu huwaambukiza na yamewahi kuwaua. Milima inapanda kutoka ziwani lililo mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari hadi vilele vinavyopita mita 1,500, na njia zake ni za miguu tu. Sokwe hawana ratiba. Wanaweza kuwa nusu saa kutoka kambini, au ng'ambo ya mabonde matatu.

Sharti linaloziumiza familia ni la umri: watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe. Mzazi anayewaahidi watoto wake wa miaka sita na tisa kwamba watawaona anajitengenezea kilio. Umri unaoruhusiwa huulizwa ofisi ya hifadhi kwa simu, kabla ya ahadi yoyote.

Kwa nini basi watu wavuke bahari kuja kwa saa moja ya namna hiyo? Kwa sababu ya kilichotokea pale. Tarehe 14 Julai 1960, binti wa Kiingereza mwenye miaka 26, Jane Goodall, alishuka kwenye boti katika ufukwe wa Gombe. Hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa amesomea ukatibu. Aliyemtuma ni Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyekuwa Nairobi. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali mwanamke kijana akae msituni peke yake, hivyo alikuja na mama yake, Vanne. Binti alipokuwa akipanda milima, mama alifungua zahanati ndogo ya kuwahudumia wavuvi.

Kabla mwaka huo haujaisha, Jane alimwona sokwe dume aliyempa jina David Greybeard akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akalivuta taratibu na kula mchwa walioling'ang'ania. Sokwe walitumia pia vijiti walivyovichuma majani kwanza. Mtoto yeyote wa Kasulu au Kibondo aliyewahi kukaa kwenye kichuguu akingoja kumbikumbi atalielewa jambo hilo haraka kuliko profesa. Maprofesa lakini lilistua, kwa kuwa walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake.

Halafu kulikuwa na Flo, jike mzee mwenye watoto wengi, ambaye malezi yake yaliwafundisha watafiti jinsi sokwe mama anavyomlea mwana kwa miaka mingi. Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe wa mwisho, Flint, aliyekuwa na kama miaka minane, alijitenga, akaacha kula, akafa wiki chache baadaye. Anayekwenda Gombe akiyajua haya anawatazama wajukuu wa hadithi anayoifahamu. Asiyejua anaona wanyama weusi wakila majani.

Waliorudi wakinung'unika

Wafanyabiashara wanne wa Kibondo walikwenda Gombe miaka michache iliyopita baada ya msimu mzuri wa asali. Walikodi boti ya kwenda na kurudi siku moja, kwa kuwa duka halifungwi siku tatu. Walifika saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda. Mmoja alikuwa na kikohozi, akabaki ufukweni. Watatu walipanda mlima wakiwa wamevaa viatu vya mjini. Saa nane mchana nahodha alitaka kurudi kabla upepo haujaongezeka, nao walikuwa wamesikia sauti za sokwe kwa mbali tu.

"Tumelipa fedha kuangalia miti," mmoja wao husema mpaka leo, "na miti Kibondo ipo."

Hakuna aliyewadhulumu. Kila walichokilipia walikipata. Kosa lilikuwa la mpango: waliweka fedha nyingi kwenye boti na muda mchache msituni, wakati kitu walichokifuata kinadai muda. Kama wangepunguza boti na kuongeza usiku mmoja, huenda wangetumia fedha zile zile na kurudi na jambo la kusimulia.

Lakini manung'uniko yao yana ukweli mwingine ndani yake. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na hamu ya sokwe. Walikwenda kwa sababu Gombe ina jina. Jina peke yake halitoshi kumfanya mtu afurahie mlima.

Vya jirani visivyo na foleni

Aliye na hamu ya kutoka tu, na si ya sokwe, ana njia nyingine za kutumia mgao wake bila kuona amepungukiwa.

Ujiji, mwendo mfupi kutoka mjini Kigoma, kuna makumbusho mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Hapo ndipo pia misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipoanzia au kuishia, ikitembea hadi Bagamoyo. Mtoto wa miaka sita anaingia, na safari yote ni ya nusu siku. Kigoma mjini kuna stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, mwisho wa Reli ya Kati. Kuna historia ya meli ya Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, kisha ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927.

Kasulu kwenyewe kuna Heru, makao ya Mwami, ambako mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliwahi kutawala. Huko kiingilio ni kumtafuta mzee anayekumbuka na kuwa na subira ya kumsikiliza. Na familia ya Kibondo imepakana na ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 iliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa, ya kwanza kwa Tanzania. Humo anaishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye watazamaji wa ndege duniani hulipa maelfu ya dola kumtafuta. Watoto wengi wa Kibondo hawajui kuwa ni jirani yao.

Kujifunza haya kwanza si kukwepa Gombe. Ndiyo maandalizi yake. Mtoto aliyezoea kuuliza maswali Heru na Ujiji ndiye atakayejua cha kutazama msituni.

Kigoma imekwisha kulipa

Kuna hoja moja zaidi, ambayo wazazi wachache huifikiria. Watu wa Kigoma wamekuwa wakilipia Gombe kwa namna nyingine tangu zamani.

Mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia kituo cha utafiti na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni, ambao baadaye waliachiwa. Wageni waliondoka, na kwa muda mrefu kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kuandika kumbukumbu ilibaki mikononi mwa wasaidizi wa utafiti kutoka vijiji vya jirani, watu kama Hilali Matama. Utafiti huo, ambao ni miongoni mwa tafiti ndefu kabisa za wanyama wa porini duniani, haukukatika kwa sababu Wanakigoma waliamka alfajiri na kupanda mlima. Rashidi Kikwale alikuwa amemwongoza Jane Goodall katika milima hiyo tangu siku za mwanzo.

Vijiji vinavyoizunguka hifadhi navyo vimebeba sehemu yake. Misitu ya nje ya mipaka ilikatwa kwa mashamba na kuni mpaka Gombe ikabaki kama kisiwa cha miti. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, wenye wazo kwamba sokwe hawatapona ikiwa jirani zao wana njaa, na vijiji vikaanza kutenga maeneo ya misitu yao wenyewe irudi. Mzazi anayeacha ardhi ipumzike ili sokwe wapite amekwisha kulipa kiingilio. Ni halali mtoto wake aingie aone.

Uamuzi wa jioni ya tatu

Nyumbani kwa mwalimu, jioni ya tatu haikuisha kwa mshindi. Iliisha kwa kugawa. Wavulana wawili, wa miaka sita na tisa, wasingeruhusiwa msituni, hivyo kuwalipia boti na malazi kungekuwa ni kutupa bati ziwani. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba goti lake halipandi mlima. Waliobaki ni wawili.

"Wewe nenda na mtoto," alimwambia mkewe.

"Mimi nifuate nini kwa sokwe, Mwalimu?"

"Yule Mzungu wa kwanza naye alikuja na mama yake."

Binti alikuwa amemsimulia baba yake habari hiyo, na baba alikuwa ameiweka akiba.

Wiki mbili kabla ya kuripoti shule, familia nzima ilipanda basi kwenda Kigoma. Mwalimu na wavulana walibaki kwa shangazi yao Ujiji, wakaenda makumbusho, wakaogelea na kula migebuka. Mama na binti walipanda boti ya abiria Kibirizi, na mama alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili mpaka Kasekela. Walilala usiku mbili. Walibeba wali, maharage na ndizi zao, na nyani wa ufukweni waliiba ndizi mbili.

Siku ya msituni walitembea saa tatu kabla muongozaji hajasimama na kunyoosha kidole. Jike lilikuwa limekaa chini ya mti, likimchambua mwanawe mgongoni, nywele kwa nywele. Mtoto alitaka kuondoka, mama akamvuta mguu akamrudisha, akaendelea. Binti aliandika kwenye daftari. Mama yake hakuandika kitu. Aliporudi nyumbani na kuulizwa na mumewe ameona nini, alijibu: "Nimemwona mtu anamsuka mtoto asiyetaka kusukwa."

Ilikuwa na thamani? Kwa mkoba wa familia, jibu liko kwenye jiko: lilipata nusu ya bati zake, na nusu nyingine ya paa ni nyasi mpaka leo. Mama hakuficha kwamba siku za mvua humkumbuka yule sokwe kwa hasira kidogo. Lakini binti yuko shuleni anasoma fizikia, kemia na biolojia, na daftari lile alilibeba kwenye sanduku.

Kwa familia nyingine jibu linaweza kuwa tofauti, na si aibu. Asiye na hamu asiende kwa sababu ya jina. Mwenye watoto wadogo asubiri wakue, aanze na Ujiji. Mwenye siku moja tu asubiri apate tatu. Mwenye mtoto anayeuliza maswali ya sokwe mezani kila siku ajue kwamba bei ya geti si ile anayoisikia vijiweni, na aanze kuweka akiba ya boti na malazi mapema, kidogo kidogo, kwenye kikoba hicho hicho.

Tarehe 1 Oktoba 2025, Jane Goodall alifariki dunia akiwa na miaka 91. Redio ilipotangaza, mama alikuwa sokoni Kasulu anapima maharage. Aliacha kopo ndani ya gunia, akamwambia mteja wake asubiri, akasikiliza mpaka mwisho.

"Unamfahamu?" mteja alimuuliza.

"Yeye hapana," alisema. "Lakini mlima wake nimeupanda."

Kisha akamjazia kopo. Bati zilizobaki, anasema, zinangoja kikoba cha mwaka huu.